Kutunza gari kuukuu penye chumvi: mwongozo kamili kutoka Jambiani

Mara ya kwanza nilipoitia jeki Nissan March yangu, gari haikupanda. Ilipanda jeki. Nilikuwa nimechuchumaa uani kwetu Jambiani nikizungusha mpini, nikasikia mlio kama wa ukoko unaokwanguliwa chini ya sufuria, na kichwa cha jeki kikazama ndani ya kizingiti cha mlango, lile boksi la bati linalopita chini ya milango, mpaka shingoni. Kwa nje rangi ilikuwa nyeupe pee, imeng'arishwa vizuri na aliyeniuzia. Nikatia vidole kwenye tundu lile nikatoa gao zima la kutu nyevu iliyochanganyika na mchanga wa pwani. Nikaigusa kwa ncha ya ulimi: chumvi.

Ami yangu, ambaye umri wake wote amekalafati majahazi, alipita jioni ile akainama kuangalia. Akaniambia, "Mwanangu, hiki ni chombo. Chombo hupandishwa pwani kikakwanguliwa, juu kikapakwa mafuta ya sifa na chini mafuta mazito ya deheni. Wewe umekiacha majini." Yote niliyoifanyia gari hii tangu siku ile yametokana na maneno hayo, na ndiyo ninayoyaeleza hapa. Gari ndogo ya pwani haifi kwa injini. Hufa kwa bati, tena huanzia ndani na chini, mahali ambapo mwenyewe hapaoni.

Yangu ni Nissan March K11, zile za mviringo zilizotengenezwa kati ya 1992 na 2002. Ulaya ziliuzwa kwa jina la Micra, na mwaka 1993 zilitunukiwa kuwa gari bora ya mwaka huko. Hapa Unguja hakuna anayezigombania. Mwenye familia anataka Noah, kijana anataka IST, na fundi ukimpelekea March anauliza kwanza kwa nini hukununua Toyota. Kwa hiyo bei yake iko chini, na kwa sababu hiyo hiyo watu huziacha zioze chini ya miti ya mkungu. Naona uchungu kila nikiipita moja iliyolala hivyo, kwa sababu injini yake ni imara. Inazungushwa kwa mnyororo wa taimingi, si mkanda wa kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na inakunywa mafuta kidogo. Ukiwa na Starlet, Vitz, Alto au Duet, karibu yote utakayosoma hapa yanakuhusu pia.

Kwanza uielewe chumvi yenyewe

Kutu inataka chuma, maji na hewa. Chumvi inaongeza mawili: inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma, halafu inavuta unyevu kutoka hewani. Angalia kikopo cha chumvi jikoni wakati wa masika. Hakuna aliyemwagia maji, lakini imelowa. Chumvi ya kawaida huanza kulowa hivyo unyevu wa hewa ukifika kiasi cha asilimia 75, na chumvi ya bahari huanza mapema zaidi kwa kuwa ina magneziamu. Usiku mwingi wa Unguja hewa yetu inapita hapo. Maana yake ni kwamba gari yenye vumbi la chumvi ndani ya vizingiti inalala imelowa hata katikati ya kiangazi, mwezi mzima bila tone la mvua.

Upepo nao una zamu yake. Kusi, unaovuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, unapiga moja kwa moja pwani ya mashariki: Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu, Michamvi. Asubuhi vioo vya gari vinakuwa na ukungu mweupe, na ukipitisha kidole unaona. Anayekaa Mwera au Tunguu ana nafuu kubwa kuliko sisi, lakini asijidanganye kwamba yuko salama.

Hatua ya 1: Ijue hali ya gari yako

Fanya siku moja kamili, asubuhi, gari ikiwa kavu. Utahitaji bisibisi kubwa, tochi, sumaku ndogo (ya spika mbovu ya redio inatosha kabisa) na kipande cha chaki.

Pitisha sumaku polepole kwenye vizingiti vya milango, matao ya magurudumu ya nyuma na kingo za chini za milango. Sumaku inapoacha kushika, chini ya rangi hakuna bati. Kuna puti, lile rojo la kusawazishia bodi. Weka alama ya chaki. Hii ndiyo njia ninayomwelekeza kila anayetaka kununua gari kuukuu, na ifanywe kabla ya kuwasha injini, kwa sababu sauti nzuri ya injini humsahaulisha mtu mengine yote.

Halafu ingia chini. Gari isisimame kwa jeki peke yake, wala usiiwekee matofali. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Tumia stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu, na yale magurudumu uliyoyafungua yalaze chini ya bodi kama akiba. Jeki iweke penye alama mbili zilizokatwa kwenye ukingo wa kizingiti. Ukiona pamelegea, pandisha kwa kiunzi kinachoshika mguu wa mbele wa gari, si kizingiti.

Ukiwa chini, gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia kwa sauti kali na fupi. Bati lililooza linatoa sauti ya kufa, kama kugonga boksi la karatasi lililolowa. Gonga vizingiti kwa urefu wote, sakafu chini ya miguu ya dereva na abiria, shimo la tairi ya akiba, na kwenye March usisahau lile boriti jembamba la mbele lililo nyuma ya bampa chini ya rejeta. Huko huoza sana kwa sababu hupigwa maji ya barabarani na hakuna anayepafikia kuosha. Angalia vilevile juu, ndani ya boneti, pale vichwa vya shokapu vinaposhikwa na bodi. Hapo ndipo panapoamua kama gari ni ya kutengenezwa au la, nitaparudia mwishoni.

Mwisho wa siku, nyanyua mazulia. Usiyaguse tu kwa juu. Nyanyua mpaka ile felti nene ya chini. Yangu juu yalikuwa makavu, na chini nilikamua maji ya kujaza nusu kopo.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanakoingilia

Kabla ya kuchomelea chochote, ziba njia ya maji, la sivyo baada ya misimu miwili utarudi kulekule.

Anza chini ya kioo cha mbele, pale mikono ya waipa ilipo. Chini ya kile kifuniko cha plastiki kuna mfereji unaopokea maji yote ya kioo na kuyatoa pembeni kupitia matundu mawili. Gari iliyolala chini ya mkungu au mwembe, mfereji huo hujaa majani yaliyooza mpaka yanakuwa udongo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda na kumwagikia ndani, miguuni kwa abiria. Kwangu nilitoa udongo wa kujaza kofia mbili, na ndani yake kulikuwa na mche wa mpapai. Toa kila kitu kwa mkono, kisha mwagia maji taratibu mpaka uyaone yanatoka pembeni, nyuma ya gurudumu.

Kisha milango. Kila mlango una matundu madogo kwenye ukingo wake wa chini. Maji ya mvua hupita penye mpira wa kioo na kushuka ndani. Hilo ni jambo la kawaida, mlango umetengenezwa hivyo. Tatizo ni matundu kuziba. Yapitishe kwa kipande cha waya laini au kijiti cha mfagio wa chelewa. Chelewa ni nzuri zaidi, haikwaruzi rangi. Fanya hivyo hivyo kwa matundu ya vizingiti na ya buti.

Mpira wa taa za nyuma na wa mlango wa nyuma hukauka na kupasuka kwa jua. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa kopo, sehemu moja moja, kuanzia chini kupanda juu. Ukianza juu hutajua yalikoingilia.

Hatua ya 3: Osha panapohitaji kuoshwa

Watu wanaosha paa na boneti. Paa haliozi upesi. Panapotaka maji ni ndani ya matao ya magurudumu na chini.

Na kabla hujaosha, onja maji. Nasema hivyo kwa dhati. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe karibu na bahari, na maji yake yana chumvi, hasa kiangazi kinapokaza. Kuosha gari kwa maji hayo ni kuipaka kile unachokikimbia. Mimi nakinga maji ya mvua kutoka kwenye bati la nyumba katika pipa, na hayo nayaweka kwa ajili ya chini ya gari tu. Ndoo tatu zinatosha ukitumia bomba dogo la kunyunyizia dawa za mimea, lile la mgongoni, ambalo halijawahi kutiwa dawa.

Wakati wa kusi osha chini kila wiki. Kaskazi, kila wiki mbili au tatu. Gari ikipita kwenye maji ya bahari, au ikishuka ufukweni maji yakiwa yametoka, iosheni siku ileile kabla jua halijazama. Ingia mkono ndani ya tao la gurudumu la nyuma, juu kabisa nyuma ya mdomo wa bati: hapo matope yenye chumvi hukaa miaka, na kwenye gari nyingi nyuma ya hapo ndiyo hupita shingo ya tangi la petroli.

Jambo moja la kwetu hasa. Gari zetu hubeba mwani na samaki. Gunia la mwani mbichi linachuruzika maji ya bahari njia nzima, na maji hayo yanashuka kwenye shimo la tairi ya akiba. Siwezi kumwambia mtu asibebe, ndiyo riziki. Lakini tandika turubai zima lisilo na tundu, kingo zake zipande juu pande zote kama beseni, na ndoo ya samaki iwe na kifuniko. Ukifika, toa tairi ya akiba, suuza shimo kwa maji ya mvua, toa kizibo cha mpira kilicho chini yake, na uache buti wazi mpaka pakauke.

Hatua ya 4: Kukwangua na kuchomelea

Kazi hii ina wakati wake: Januari na Februari, kaskazi ikiwa kavu na jua kali. Rangi inashika na bati linakauka kweli. Ukianza Aprili utafunika unyevu ndani.

Kutu ya juujuu, ambayo haijatoboa, kwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa mpaka bati ling'ae. Kwenye vishimo vidogo ambako kutu inabaki nyeusinyeusi, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki au tanini. Inaigeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi tulivu. Vaa glavu na miwani. Ikikauka, futa kama maelezo ya chupa yanavyotaka, kisha praima ya epoksi mara mbili, kisha rangi. Nasisitiza epoksi kwa sababu praima nyingi za kawaida zina vinyweleo. Ukipaka ukaacha gari nje wiki mbili bila rangi, maji yanapita na kutu inaanza upya chini yake. Puti ni hivyo hivyo. Inanyonya maji kama sifongo. Puti ipakwe juu ya praima, kwa kusawazisha tu, si kwa kuziba tundu.

Tundu linazibwa kwa bati. Kata mpaka ulifikie bati zima linalong'aa pande zote, hata kama tundu dogo litakuwa kubwa kama sahani. Fundi atakayetaka kubandika kiraka juu ya kutu "iwe haraka," mshukuru, umpe nauli, utafute mwingine. Kiraka cha namna hiyo kinatengeneza mfuko wa maji kati ya mabati mawili na unakuwa umelipa pesa kuongeza kutu. Bati liwe la milimita 1 hivi, la chuma kitupu. Bati la kuezekea nyumba halifai: ni jembamba, na zinki yake ikichomwa inatoa moshi unaomletea fundi homa na kifua. Weldi ya fimbo hutoboa bati jembamba la gari. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, au mzee anayejua kazi ya oksijeni na asetilini kwa ustadi.

Kabla moto haujawashwa: fungua nyaya za betri, toa mazulia, viti na ile felti, na kama kazi iko karibu na tangi au bomba la petroli, tangi litolewe kabisa. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji ziwe karibu, na mtu mmoja akae ndani ya gari kazi yake kuangalia tu, kwa sababu moto wa gari huanzia upande wa pili wa bati, asikouona anayechomelea. Baada ya hapo kila mshono upakwe epoksi, ndani na nje, kisha mshono uzibwe kwa gundi ya bodi.

Hatua ya 5: Deheni ya gari

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo gari inapookolewa.

Kizingiti ni boksi tupu. Rangi ya nje haikifikii ndani. Kinachotakiwa ni mafuta mazito yanayotambaa, yanayoshika bati na kubaki laini, maana kikiwa kigumu kinapasuka na maji yanaingia kwenye ufa. Wapo wanaotumia oili chafu. Ninawaelewa, ni ya bure, lakini siipendi. Ina asidi na uchafu wa injini, inalainisha bushi za mpira mpaka zinavimba, na inadondoka chini. Kisiwa chetu ni mawe yenye matundu; kinachodondoka uani leo kinashuka kwenye maji ya kisima.

Ukipata nta ya kopo yenye mrija mrefu iliyotengenezwa kwa kazi hii, nunua, ndiyo bora. Usipopata, changanya mwenyewe. Lita moja ya oili mpya ya injini, ya bei nafuu, kwa robo kilo ya nta ya nyuki. Nta ikatwe vipande vidogo. Weka oili na nta ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, nje, mbali na nyumba. Usiliweke kopo juu ya moto wenyewe. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo maji hayahitaji hata kuchemka. Koroga mpaka iwe kama samli ya moto.

Sasa iinamishe gari. Pandisha mbele kwenye stendi mpaka gari iangalie juu. Fungua vifuniko vya plastiki vya kizingiti chini ya milango, au vizibo vya mpira vilivyo sakafuni, na umimine nusu lita ya mchanganyiko ungali vuguvugu kila upande kupitia mrija na faneli. Unateremka wenyewe kuelekea nyuma. Subiri robo saa. Shusha mbele, pandisha nyuma, mimina mwingine, uteremke mbele. Weka masinia chini ya matundu kukinga unaodondoka. Huo unarudi kwenye kopo. Siku ya pili pitisha chelewa kwenye kila tundu la kutolea maji, kwa sababu nta itakuwa imeyaziba, na kizingiti kisichotoa maji ni kibaya kuliko kilichokosa nta.

Kingo za ndani za milango, mikunjo ya boneti na ya mlango wa nyuma, paka kwa brashi ndogo. Chini ya gari paka mchanganyiko huohuo au grisi nyepesi, ukiepuka kabisa diski, ngoma za breki, bomba la moshi na mipira. Sipendi ile rangi nzito ya lami juu ya bati kuukuu. Inapendeza siku ya kwanza, ila ikipasuka kidogo chumvi inaingia nyuma yake na inaoza kimyakimya, huoni mpaka lianguke pande zima.

Rudia vizingiti mara moja kwa mwaka, Februari. Septemba, kusi ikipungua na kabla ya vuli, pita tena chini na brashi palipochubuka.

Breki, kabla ya yote mengine ya ufundi

Mabomba membamba ya breki yanapita chini ya gari na ni ya chuma. Yasafishe kwa kitambaa na msasa laini. Madoa ya kutu ya juu si hoja, paka grisi. Ukihisi vishimo kwa ukucha, badilisha bomba zima, na kama unaweza kupata la shaba yenye nikeli weka hilo, haliliwi na kutu. Usipitishe wiki. Bomba lililooza hupasuka siku unayokanyaga kwa nguvu zote, yaani siku ile mtoto wa skuli amekatiza barabara.

Oili ya breki yenyewe hunywa unyevu wa hewa, na kwetu hunywa haraka. Ibadilishe kila miaka miwili, utumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Fungua ngoma za nyuma mara moja kwa mwaka, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, usipulize kwa mdomo, na uone kama pistoni ndogo bado zinatembea. Gari ikilala muda mrefu usiifunge hendibreki: kebo hushika na viatu vya breki hugandana na ngoma. Weka gia na vigingi vya mti kwenye magurudumu.

Injini

Hapa sina mengi, kwa sababu injini hizi hazitaki mengi. Oili na filta kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia; zinaingia lita 3 na ziada kidogo, kijiti ndicho hakimu. Mnyororo wa taimingi unabanwa kwa nguvu ya oili, na oili ikichoka au ikipungua utausikia ukipiga cherere asubuhi kwa sekunde chache. Ukiendelea kupiga baada ya injini kupata moto, usiipuuze.

Rejeta usiijaze maji ya kisima. Weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ya kuongezea betri (yaliyotoneshwa, si asidi), ubadilishe kila miaka miwili. Fundi akitaka kutoa thermostati "ili ipoe," kataa. Injini itatembea baridi, itakula petroli na kuchafua oili. Kama inachemka, mara nyingi chanzo ni rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au kifuniko kilichochoka.

Ikianza kukohoa au kuzimika foleni ya Mwanakwerekwe, usinunue kifaa chochote kwanza. Fungua plagi za nyaya moja moja, hasa ile ya kifaa kinachopima hewa karibu na filta, na kwenye March za miaka ya 90 fungua kofia ya distribyuta. Utakuta kijani cha shaba iliyoliwa na chumvi. Safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kausha, rudisha. Waya wa hasi wa betri unaoshika bodi nao ufungue, kwangua mpaka bati ling'ae, funga, kisha paka grisi juu. Vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe vimwagie maji ya moto yenye kijiko cha magadi, suuza, kausha. Hayo peke yake yamemaliza zaidi ya nusu ya magonjwa ya umeme niliyoletewa uani.

Ukiwa unanunua, chagua yenye gia za mkono. March za CVT, otomatiki ya mkanda badala ya gia, ni laini kuendesha, lakini ikiharibika, fundi wa kuijua ni wa kutafutwa, na haikubali oili ya kawaida ya otomatiki.

Spea huagizwa Gerezani, Dar es Salaam, na kushuka bandarini kwa boti. Usimwambie muuzaji "March" tu. Piga picha kibati cha namba kilicho ndani ya boneti: namba ya fremu ya gari ya lita 1.0 huanza na K11, ya lita 1.3 huongezwa herufi mbele, kama HK11, na vitu vingi vinatofautiana. Tairi ukinunua za mtumba soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa kwenye mpira ubavuni. 3519 maana yake ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kila boliti unayoifungua ikirudi irudi na grisi. Zilizogoma zimwagie dizeli usiku kucha kabla hujazivunja.

Mahali pa kulala gari

Banda la makuti lisilo na kuta ndilo bora kuliko yote. Lina kivuli, na upepo unapita ukikausha. Turubai la nailoni lililofunikwa mpaka chini linafuga jasho. Usiku gari inalowa ndani yake na mchana inachemka. Chini pawe na kifusi au zege, si nyasi wala mchanga wa pwani. Mnazi uepuke kwa sababu unazozijua. Kama una ukuta, gari ilale upande ambao kusi haufiki, hata ikibidi kuihamisha msimu ukigeuka.

Lini uache

Kuna kutu nisiyoitengeneza. Vichwa vya shokapu vikiwa vimeachana na bodi, sehemu ambapo miguu ya nyuma inafungwa ikiwa imeoza pande zote mbili, au nguzo za milango zikiwa zimekwisha chini, gari hiyo itaua watu hata ikipakwa rangi ya dhahabu. Mlango ukifungwa kwa kunyanyuliwa, hiyo tayari ni dalili.

Gari ya namna hiyo usiiuze nzima kwa mtu atakayeipaka puti akampakie familia yake. Ifungue mwenyewe. Alternata, stata, distribyuta, kifaa cha kupimia hewa, rejeta, taa, vioo, milango isiyooza, swichi zote na kile kiboksi cha fyuzi, vioshe, vipake mafuta, uvifunge kwenye nailoni pamoja na karatasi iliyoandikwa namba ya fremu. Alternata iliyomo kwenye March yangu sasa hivi ilitoka kwenye moja iliyokufa Kitogani, na mwenye ile gari aliniletea mwenyewe kwa baskeli.